Isoma za heptani ni tisa. Utajuaje si kumi?

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi ilinibana. Wanaopita hapa mara kwa mara wamezoea niandike kuhusu hifadhidata, PHP na seva zinazozimika usiku wa manane. Leo nawapeleka kwenye kemia. Msifunge ukurasa bado. Tukifika katikati mtaona ni mambo yetu yale yale ya programu, yamevaa koti la maabara tu.

Chanzo ni mdogo wangu wa kike. Likizo ya Agosti mwaka 2024 alikuwa kidato cha tatu, na mada iliyokuwa ikimnyima usingizi ni hidrokaboni. Anataka kusomea famasia, na kila Mkenya anajua kwamba bila alama nzuri ya kemia mlango huo haufunguki. Alikuja na karatasi ya mtihani wa muhula. Swali lilisema: chora isoma zote za muundo za heptani, C7H16. Yeye alikuwa amechora kumi na mbili. Kalamu nyekundu ilikuwa imekata tano kwa sababu ni marudio, na mbili hazikuwepo kabisa. Pembeni mwalimu aliandika kwamba jibu ni tisa, na kwamba zikaririwe.

Alama zenyewe hazikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni hiki: "Kaka, hata nikizikariri hizo tisa, nitajuaje nimemaliza? Pengine iko ya kumi ambayo hakuna aliyeichora." Alikuwa amemuuliza mwalimu swali hilo darasani, akaambiwa asipotezee wenzake wakati. Tangu siku hiyo akaamini kichwa chake hakikuumbwa kwa kemia, na habari ya famasia akaacha kuitaja.

Mwalimu mwenye wanafunzi sitini na silabasi ya kumaliza simlaumu sana. Lakini swali lile si la mtu asiyeelewa. Ni swali lenyewe hasa. Kuna watu wakubwa wa hisabati waliolihangaikia tangu karne ya 19, nasi waandishi wa programu tunakutana nalo kila wiki bila kulitambua. Basi tulikaa mezani, nikafungua kipakatalishi, yeye akachukua penseli.

KWANZA, ISOMA NI NINI

Kwa waliosahau: atomu ya kaboni ina mikono minne, hidrojeni ina mkono mmoja. Katika alkani kila kaboni hushika jirani zake kwa mkono mmoja mmoja, na mikono inayobaki hushika hidrojeni. Ukipewa kaboni nne na hidrojeni kumi, unaweza kuzipanga zote nne katika mstari, au ukapanga tatu katika mstari na ya nne ukaitundika kwenye ile ya katikati. Fomula ni moja, C4H10, vitu ni viwili. Hizo ndizo isoma.

Wala si tofauti ya kwenye karatasi tu. C5H12 ina isoma tatu. Ile iliyonyooka huchemka kwenye nyuzi kama 36 za Selsiasi, yenye tawi moja kwenye 28 hivi, na ile yenye umbo la msalaba kwenye 9.5 hivi. Maana yake ni kwamba Mombasa mchana wa nyuzi 30, ya kwanza itakaa chupani kama kioevu, hizo mbili nyingine ni gesi. Atomu ni zile zile, idadi ni ile ile. Kwenye petroli ni hivyo hivyo: kipimo cha oktani kimepewa 100 kwa isoma moja tu ya C8H18, yenye matawi matatu ya methili, si kwa zote zenye fomula hiyo.

KUJUA KWAMBA VIWILI NI KIMOJA

Nilipoziangalia zile tano zilizokatwa, niliona kosa halikuwa la kemia. Alikuwa amechora mnyororo ukiwa umenyooka, kisha akauchora umepinda kona, akadhani ni kitu kipya. Karatasi ni bapa na molekuli haijali umeichora ukielekea wapi.

Hili tunalijua vizuri sana. Niliwahi kupewa orodha ya wanachama wa sako fulani, mmoja ameandikwa majina matatu kwa mpangilio mmoja, na kwenye faili nyingine majina yale yale yamegeuzwa na la kati limefupishwa kuwa herufi moja. Tarakilishi inaona watu wawili. Dawa yake ni moja: kabla ya kulinganisha, kila rekodi igeuzwe iwe katika umbo moja lililokubaliwa, kisha ndipo ulinganishe.

Wanakemia wana umbo hilo, nalo ni jina. Kanuni za kutaja majina zinakulazimisha utafute mnyororo mrefu kuliko yote, uanze kuhesabu kutoka ncha itakayowapa matawi namba ndogo, ndipo uandike. Mtu akichora kitu akakiita 2-ethilipentani, kanuni zinamrudisha: mnyororo mrefu una kaboni sita, si tano, kwa hiyo hiyo ni 3-methiliheksani, ambayo huenda tayari umeichora. Mdogo wangu alikuwa amefundishwa majina kama adhabu ya ziada baada ya kuchora. Hakuna aliyemwambia kwamba jina ni chujio. Usichore kisha utaje. Chora, taja, na jina likiwa limeshatokea, futa.

Kisha nikaandika programu ndogo, mistari kama arobaini hivi, inayofanya kazi hiyo hiyo. Inachukua isoma zote za kaboni sita, ambazo ni tano, na kwenye kila kaboni yenye nafasi inaongeza kaboni moja. Kaboni sita mara tano ni 30, toa moja kwa sababu kuna isoma yenye kaboni ambayo mikono yake yote minne imeshika kaboni wenzake na haiwezi kupokea tena. Zinabaki 29. Kila mmoja wa michoro hiyo 29 unaandikwa kwa umbo moja la maandishi, matawi yakiwa yamepangwa kwa ukubwa, na marudio yanatupwa. Zinabaki tisa.

Nikamgeuzia kioo cha tarakilishi. Nilidhani atafurahi. Akaniangalia akasema: "Na hiyo programu yako, nani ameihakikisha?"

Jamani, ningekuwa na mjaribu programu kama huyu ofisini!

KUHESABU BILA KUCHORA

Alikuwa na haki. Orodha haiwezi kujishuhudia kwamba imekamilika. Ukiitazama unaona kilichomo, huoni kilichokosekana. Unahitaji namba iliyopatikana kwa njia nyingine kabisa, isiyopitia orodha ile. Namba mbili zikikutana, hapo unaweza kulala.

Njia ya pili hii hapa, na inatoshea nyuma ya bahasha.

Kwanza hesabu matawi. Tawi ni kipande chenye mkono mmoja wazi wa kushikia. Tawi lenye kaboni 0 ni hidrojeni tu, aina 1. Lenye kaboni 1, aina 1. Kaboni 2, aina 1. Kaboni 3, aina 2, kwa sababu unaweza kulishika kwa ncha au kwa katikati. Kaboni 4, aina 4. Ziandike pembeni: 1, 1, 1, 2, 4.

Pili, tafuta kitovu. Chukua heptani yoyote, simama kwenye kaboni yoyote. Ukiona kuna tawi lenye zaidi ya nusu ya kaboni zote, piga hatua moja kulielekea. Rudia. Mwishowe utasimama mahali ambapo hakuna tawi linalozidi kaboni tatu. Kwa kuwa saba haigawanyiki sawa kwa mbili, mahali hapo ni pamoja tu katika kila heptani. Mfaransa Camille Jordan aliandika kuhusu vitovu vya namna hii mwaka 1869. Faida yake ni kubwa: kila molekuli sasa inashikwa kwa mkono mmoja, kwa kitovu chake, na haiwezi kuhesabiwa mara mbili.

Tatu, gawa kaboni sita zilizobaki kwenye mikono minne ya kitovu, hakuna mkono unaozidi tatu. Njia ni hizi tano tu:

3, 3, 0, 0 : matawi mawili ya kaboni tatu, kila moja lina aina mbili, jozi ni 3
3, 2, 1, 0 : aina 2
3, 1, 1, 1 : aina 2
2, 2, 2, 0 : aina 1
2, 2, 1, 1 : aina 1

Jumla 9.

Hakuna ya kumi. Si kwa sababu mwalimu amesema, si kwa sababu programu imesema. Ni kwa sababu sita haigawanyiki kwa njia nyingine. Mdogo wangu aliirudia peke yake mara mbili bila kuniuliza kitu, kisha akataka oktani.

Oktani ina kaboni nane, na nane inagawanyika sawa, kwa hiyo kuna molekuli ambazo kitovu chake ni katikati ya kaboni mbili: nusu mbili za kaboni nne zimeshikana. Aina za nusu ni 4, jozi zake ni 10. Kwa zile zenye kitovu cha kaboni moja, gawa kaboni saba:

3, 3, 1, 0 : aina 3
3, 2, 2, 0 : aina 2
3, 2, 1, 1 : aina 2
2, 2, 2, 1 : aina 1

Hizo ni 8. Jumla 18, na ndivyo kitabu kinavyosema.

KUSHOTO NA KULIA

Hapo tungeweza kuishia, maana mtihani wa kidato hautaki zaidi. Lakini anayetaka famasia lazima avuke mstari huu mapema.

Mwaka 1874, Mholanzi Jacobus van 't Hoff na Mfaransa Joseph Le Bel, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba mikono minne ya kaboni haikulala bapa kama msalaba kwenye karatasi. Imetawanyika pande zote, kama miguu ya kigoda chenye miguu mitatu na mkono mmoja ulioinuliwa juu. Matokeo yake ni kwamba kaboni ikishika vitu vinne tofauti, kuna namna mbili za kuvipanga, na moja ni taswira ya nyingine kwenye kioo. Weka ndara zako mbili sakafuni. Mpira ni ule ule, kamba ni zile zile, vipimo ni vile vile. Lakini ya kushoto huwezi kuivaa kulia ukatembea vizuri. Isoma za namna hii, zinazotofautiana kwa mpangilio wa angani na si kwa nani ameshika nani, huitwa stereoisoma.

Sasa rudi kwenye zile njia tano za heptani. Ni mstari gani ambao vitu vinne vyote ni tofauti? Mmoja tu: 3, 2, 1, 0. Mingine yote ina angalau viwili vinavyofanana. Mstari huo ulikuwa na aina 2, kila moja inakuwa na ya kushoto na ya kulia, kwa hiyo 4. Jumla inapanda kutoka 9 hadi 11. Hatukuchora hata kimoja.

Oktani ni tamu zaidi. Miongoni mwa zile nusu nne za kaboni nne, moja inashikwa kwa kaboni yenye vitu vinne tofauti, kwa hiyo inagawanyika kushoto na kulia, na nusu zinakuwa 5. Jozi za vitu vitano ni 15. Kwenye mstari wa 3, 3, 1, 0, pale matawi mawili ya tatu yanapotofautiana, aina moja inakuwa mbili, na jumla ya upande huo inakuwa 9. Kumi na tano na tisa ni 24.

Angalia vizuri ndani ya zile 15. Nusu mbili zenye kushoto na kulia zikishikana, hupati nne, unapata tatu: kushoto na kushoto, kulia na kulia, na kushoto na kulia. Hii ya mwisho ukiigeuza ni ile ile, na kwenye kioo inajiona yenyewe. Hidrokaboni hiyo ni 3,4-dimethiliheksani. Nilimwonyesha mdogo wangu kwamba ethambutoli, dawa ya kifua kikuu iliyo kwenye vidonge ambavyo wagonjwa wengi Kenya wamemeza, ina hesabu hiyo hiyo. Si hidrokaboni, ina naitrojeni na oksijeni ndani, lakini nayo ina vituo viwili vinavyofanana na stereoisoma tatu. Inayotumika kama dawa ni moja kati ya hizo tatu. Nyingine mbili ni dhaifu mno mbele ya bakteria wale. Mfamasia anayejua fomula peke yake hajajua ana dawa au hana.

Kwa hiyo heptani ni tisa au ni kumi na moja? Zote ni sahihi, na hapa ndipo wengi hugombana bure. Kabla hujahesabu, sema "sawa" maana yake nini. Ukisema viwili ni sawa kama kila atomu ina majirani wale wale, jibu ni tisa. Ukitaka pia ziweze kulaliana angani, jibu ni kumi na moja. C4H8 ni hivyo hivyo. Alkeni zake, zile zenye kaboni mbili zilizoshikana kwa mikono miwili, ni tatu kwa muundo na nne ukitenganisha sisi na transi. Ukikubali pia zile zilizojifunga duara zinaongezeka mbili, kwa hiyo ni tano au sita. Swali la mtihani lisiposema linataka hesabu gani, mwanafunzi ana haki ya kuinua mkono.

WAKUBWA NAO

Arthur Cayley alikuwa Mwingereza aliyefanya uwakili miaka 14 kabla ya kuwa profesa wa hisabati Cambridge mwaka 1863. Mwaka 1875 alichapisha idadi za alkani hadi kaboni 13, zote kwa mkono. Hadi 11 yuko sahihi. Kwa kaboni 12 aliandika 357, jibu ni 355. Kwa 13 aliandika 799, jibu ni 802. Kamchukueni Cayley na mdogo wangu muwaweke benchi moja: mmoja ni kati ya wanahisabati wakubwa wa karne yake, na bado hesabu zilimpotea kwenye molekuli ya kaboni kumi na mbili. Nilipomwambia hivyo, alicheka kwa mara ya kwanza jioni ile.

Mwaka 1931 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Texas, Henry Henze na Charles Blair, walitoa kanuni ya kupanda ngazi, idadi za kaboni chache zikizaa idadi za kaboni nyingi, na mwaka 1932 wakafanya vivyo hivyo kwa stereoisoma. Mwaka 1937 George Pólya akaweka chini ya yote hayo nadharia moja ya kuhesabu vitu vinavyofanana vikigeuzwa. Na mwaka 1965 huko Stanford, Joshua Lederberg na Edward Feigenbaum walianza mradi wa DENDRAL. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuorodhesha miundo inayowezekana kwa fomula fulani bila kuruka wala kurudia. Mradi huo unatajwa kati ya mwanzo wa akili bandia. Kwa hiyo mkiona watu wanashangilia akili bandia leo, kumbukeni mmoja wa mizizi yake ni swali la kidato cha tatu.

Niliendesha programu ya njia ya pili, ile ya kuhesabu bila kuchora, na hizi ni baadhi ya namba. Ya kwanza ni idadi ya kaboni, ya pili isoma za muundo, ya tatu ukihesabu na stereoisoma:

7 : 9 : 11
8 : 18 : 24
9 : 35 : 55
10 : 75 : 136
12 : 355 : 900
20 : 366,319 : 3,396,844

Kwa kaboni 30, isoma za muundo peke yake ni 4,111,846,763. Waandishi wa programu mtaona kitu hapo: namba hiyo haiingii kwenye namba kamili ya biti 32 yenye alama ya kutoa, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Tumia biti 64. Na msijaribu kuziorodhesha. Njia ya kwanza, ya kuchora na kufuta, ingejaza kumbukumbu ya mashine yako zamani. Njia ya pili inamaliza kabla hujainua kikombe cha chai.

NINACHOSEMA

Wanaofundisha watasema mtoto wa kidato cha tatu hana haja na Jordan wala Pólya. Majina hana haja nayo, kweli. Lakini kugawa sita kwenye mikono minne anaweza; ni hesabu ya darasa la nne. Alirudi shuleni Septemba akiwa na ukurasa mmoja wa matawi, 1, 1, 1, 2, 4, na jina la famasia likarudi mdomoni mwake. Mtihani wa mwisho utasema lake. Mimi nilitaka tu ajue kwamba alipouliza "nitajuaje nimemaliza" alikuwa tayari anafanya sayansi, na kwamba kunyamazishwa si sawa na kujibiwa.

Na sisi wa misimbo: wateja wangapi wako kwenye orodha yako, na umejuaje? Ukitoa namba kutoka kwenye orodha ile ile unayoikagua, hujakagua kitu. Sema kwanza nini kinahesabika kuwa kimoja. Kisha tafuta njia ya pili ambayo haijapitia kwenye orodha.

Zoezi la wiki ni nonani, kaboni tisa. Kitovu ni kimoja, zimebaki nane za kugawa kwenye mikono minne, hakuna mkono unaozidi nne, na njia za kugawa ni nane. Mkipata 35 mko sawa. Mkipata 36, kuna mtu mmemhesabu mara mbili. Msifute ovyo, mtafuteni ni nani.